Nishani za babu: ya Burma haina jina, ya upolisi inalo

Mkuu uliyeuliza kutoka Tandahimba, ngoja nikujibu kirefu manake hii ishu nimehangaika nayo miaka mitatu. Unasema kwenye sanduku la bati la marehemu babu umekuta nyota moja ya rangi ya shaba na kitu kama sarafu kubwa yenye kichwa cha mfalme, wazee wanakwambia alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku Afrika Mashariki, akarudi, halafu akawa polisi asiye na mshahara, na jamaa wa vyuma chakavu keshakutajia bei. Huyo jamaa mwambie aende zake. Halafu usizisugue! Mimi nilipata nishani ya babu nikaisugua kwa ndimu na majivu kama sufuria ya pilau, ikang'aa mpaka nikapiga nayo picha, sikujua kumbe yale maandishi madogo ya pembeni ndo yalikuwa jina lake. Yakabaki nusu.

Kwanza swali, nyumba uliyotafuta ni ya nani? Mimi mwaka mzima nilipekua nyumba ya baba nikapata hiyo moja tu, ya upolisi, nikajua zingine zimeuzwa. Kumbe nimesahau sisi ni Wamakonde, vitu vya mwanaume vinakwenda kwa mtoto wa dada yake. Nilivyomfuata mpwa wake babu pale Mikindani, mzee hata hakunyanyuka, akamtuma mjukuu chumbani, ikatoka kopo la maziwa ya unga lenye pamba, na ndani nishani tatu zimeshonwa kwenye pini moja ndefu. Akasema "ulikuwa hujauliza". Kwa hiyo na wewe kabla hujasema zimepotea pita kwa wapwa, na wenzetu Wamwera na Wayao ni hivyohivyo, urithi unafuata upande wa mama.

Sasa kuzisoma. Nishani za Uingereza za vita ya pili hazina jina, usipoteze muda kugeuzageuza. Afrika Kusini na Australia waliwachongea watu wao, Keya hawakuchongewa. Za vita ya kwanza ndo zina namba na jina ukingoni, na upande wa Lindi unaweza kuzikuta, vita ya Mahiwa ya Oktoba 1917 ilipigwa hapohapo mlangoni. Ila ya 1939-1945 wewe angalia riboni. Nyota zote zinafanana umbo, ncha sita na taji katikati, kinachotofautisha ni maandishi ya duara pale kati na utepe wake. Yenye bluu iliyoiva, nyekundu na bluu ya mbingu, mistari mitatu sawasawa, hiyo ni 1939-1945 Star, maana yake bahari, nchi kavu na anga. Yenye nyekundu pana katikati na bluu huku na huku, na ndani ya kila bluu kuna mstari wa rangi ya chungwa, hiyo ndo Burma. Hiyo sarafu yako igeuze upande wa pili, ukiona simba kasimama juu ya joka la vichwa viwili ni War Medal, walipewa waliotumikia jeshi hata siku 28, ila ukiona simba wawili na mti katikati basi ni Defence Medal.

Kwetu stori ya ukoo ilikuwa babu kapigana na Mtaliano Uhabeshi, mpaka shangazi alikuwa anaigiza Mtaliano anavyonyoosha mikono. Mimi nikaamini. Nilivyoshika ile pini nikahesabu, 1939-1945 Star, Burma Star, War Medal, basi. Waliopigana Uhabeshi walipewa Africa Star, utepe wake una rangi ya mchanga huwezi kuuchanganya, na kwenye mpangilio inakaa katikati ya hizo nyota mbili za mwanzo. Pale katikati hamna hata nafasi ya kupitisha sindano, tepe zimeshonwa zinagusana, na uzi ni wa zamani uleule. Kwa hiyo haikuanguka, haikuwepo. Uhabeshi ilikuwa imeisha Novemba 1941 na babu alikuwa bado yuko Newala analima. Bibi ndo alimaliza ubishi, alisema aliondoka mwaka ambao mdogo wake alitoka jando, na huyo mdogo cheti chake cha misheni kipo, tukahesabu tukapata 1942. Shangazi alininunia wiki nzima.

Kikosi nilikipata kwenye picha, na hapa nicheke kidogo. Kulikuwa na picha moja ya babu, kofia pana imekunjwa upande, na begani ana nembo ya mnyama. Bibi aliificha miaka yote chini ya mkeka kwa sababu aliona ni nguruwe, na sisi ni Waislamu, akaona aibu mumewe kavaa nguruwe. Nilikuza kwenye simu, ni kichwa cha kifaru! Hiyo ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ndo iliyoingia bonde la Kabaw huko Burma mvua za 1944 ikawasukuma Wajapani mpaka mto Chindwin, Kalewa wakaifikia Desemba mwaka huohuo. Ghafla maneno ya bibi yakakaa mahali pake, kwamba babu alikuwa anasimulia tope la kufika kiunoni na chakula kudondoshwa na ndege, sisi wajukuu tulidhani anatia chumvi.

Ndani ya divisheni hiyo batalioni za Keya za Tanganyika zilikuwa mbili, ya 26 na ya 36. Wazee wakikwambia "Keya ya sita" usiwabishie, batalioni mama ya Tanganyika ilikuwa ya 6 na hizi za vita wakazipa namba zinazoishia na sita. Diary zao za vita ziko nyaraka za taifa za Uingereza kule Kew, fungu la WO 172, na kama babu yako alienda Madagaska 1942 angalia WO 174. Ila nikuandae kisaikolojia, mzungu anaandikwa kwa jina na cheo, askari wa kwetu ni namba tu ya waliokufa na waliojeruhiwa. Nilisoma kurasa kama mia mbili nilizotumiwa kwa picha, babu hamna hata sehemu moja. Nilichopata ni wapi batalioni ililala tarehe fulani, na hicho nakithamini kuliko nilivyotegemea.

Sasa upolisi, na huku ndo utapata jina. Hao polisi wa kujitolea Mwingereza aliwaita special constable, mchana una kazi yako, usiku unaitwa unapewa rungu na kitambaa cha mkononi. Nishani yao ya makoloni ilianzishwa 1957, ina kichwa cha malkia siyo mfalme, na ilitaka miaka tisa bila mshahara au kumi na tano kwa wanaolipwa. Piga hesabu hapo. Haiwezi kuwa kabla ya 1957, na Uhuru ni Desemba 1961, toa tisa, babu hakuanza baada ya 1952, huenda alianza hata miaka kadhaa kabla. Huku kwetu miaka hiyo ni ule mradi wa Mwingereza wa mashamba ya karanga Nachingwea, ni reli, ni gati la Mtwara linajengwa, na bibi siku zote alisema mzee alikuwa "analinda stoo za karanga za watu". Tulikuwa tunajua ni ulinzi tu wa kawaida.

Hii nishani ukingo umechongwa, namba na jina, ya kwangu namba ipo yote, jina ndo nimelila na ndimu. Na hata nusu iliyobaki karani aliandika alivyosikia, kwetu jina linaanza na N mbili yeye kaweka M na N. Kwenye ofisi moja hapa mkoani nilirudishwa mara nne kwa sababu hilo jina halifanani na la kitambulisho cha baba. Nyaraka za Taifa Dar ukienda, kaandike mapema namna zote tatu nne za jina la babu yako, utakuja kunishukuru.

We cha kufanya, itafute kwa wapwa ile ya upolisi, ukiipata tupia picha hapa. Siyo ya uso, uso tunaujua, nataka ukingo, weka tochi ya simu pembeni mwanga uje ubavu herufi zitajitokeza, zungusha pole pole mpaka mwisho. Na muulize mama yako dada zake babu walizaa wangapi na nani yuko hai.