Watengeneza Visu, Tupeni Kisu Tunachoweza Kukifungua Wenyewe

Kijana mmoja wa Kakamega aliniandikia juzi: "Habari kaka. Nimeweka akiba ninunue kisu cha kukunja cha maana. Kuna kimoja nimekiona mtandaoni, mpini mweusi, kinafyatuka kwa kidole kimoja, muuzaji anasema chuma chake ni D2. Nichukue?"

Nikamjibu asubiri kidogo. Akauliza asubiri nini. Jibu likazidi kurefuka kwenye simu nikaona heri niliandike hapa, maana ninyi mnaonisoma mna ugonjwa huu huu wa visu, na wengi wenu mmeshatoa pesa nzuri kwa kisu kilichong'aa dukani kikalegea mfukoni.

Mimi ni fundi wa stima hapa Kisumu. Kisu hukaa mfukoni mwangu toka asubuhi mpaka nivue suruali usiku. Nachuna nyaya, nakata paipu za kupitishia nyaya, nafungua maboksi, na nikienda Dunga kununua samaki naparua mwenyewe pale pale ufuoni. Watu pia huniletea vyao: vilivyokwama, vilivyopata kutu, vilivyo butu. Kwa hiyo ninaposema kasoro kubwa ya visu vya kukunja vya siku hizi haiko kwenye chuma, naomba mniamini. Kasoro ni kwamba vinatengenezewa mtu anayeishi karibu na kiwanda. Sisi tuko mbali.

Kidole changu cha shahada kina kovu linaloanzia kiungo cha kati hadi karibu na ukucha. Nililipata Milimani, niko juu ya ngazi, napanua tundu la kisanduku cha plastiki kwa ncha ya kisu. Kufuli, kile kinachozuia bapa lenye makali lisijifunge, likaachia. Bapa likajifunga na kidole kiko njiani. Damu ikachuruzika kwenye ukuta ambao ulikuwa ndio kwanza umepakwa rangi, na mama mwenye nyumba akaja mbio na leso yake. Kwa majuma kadhaa sikuweza kushika bisibisi sawasawa, na kazi ya ghorofa moja niliyokuwa nimeahidiwa ikaenda kwa mwingine. Mpaka leo nikipita mbele ya jengo lile moyo unaniuma.

Kisu chenyewe hakikuwa cha bei ya chini. Kilikuwa na jina, na ndani ya boksi mlikuwa na karatasi ya dhamana. Nikawaandikia waliokitengeneza. Wakanijibu kwa adabu kwamba nikitume kwao kwa gharama yangu, na kwamba nikithubutu kukifungua skrubu mwenyewe, dhamana imekufa. Nauli ya kukipeleka ng'ambo ilikaribia bei ya kisu. Mtu ameumia, kidole kimefungwa bendeji, anaambiwa hivyo.

Basi nikakifungua.

Skrubu zake zilikuwa za kichwa cha nyota, ndogo, namba T6. Bisibisi ya namba hiyo huipati kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Nilikipeleka kwa fundi wa simu mjini, kwa sababu hao ndio wenye bisibisi ndogo za nyota. Skrubu mbili zikatoka. Ya tatu ilikuwa imetiwa gundi kiwandani, na alipokaza mkono kichwa chake kikalika kikabaki duara tupu. Ikabidi itobolewe kwa drili. Ndani tulikuta magamba ya samaki yaliyokauka, pamba ya mfukoni iliyogandana na mafuta, na kutu ya rangi ya chungwa kuzunguka tundu la katikati ambapo bapa huzungukia. Lile bamba jembamba linaloegemea mkia wa bapa, ambalo ndilo kufuli lenyewe, lilikuwa limelika pembe moja mpaka linameta, na uchafu umejaa nyuma ya mkia hata bamba halifiki mahali pake. Likigusa kidogo tu, kwa nje unaona bapa limeshikwa imara. Uchafu ule ungetoka kwa mswaki na matone ya mafuta ya cherehani, laiti kisu kingefunguka.

Ndilo ombi langu la kwanza kwa watengenezaji, na kama nikiambiwa nichague moja tu, nitachagua hilo hilo. Wekeni skrubu kubwa, T8 kwenda juu, na ziwe za namba moja kisu kizima. Gundi msiimwage kwenye skrubu ambazo mwenye kisu lazima azifungue ili asafishe. Bisibisi yake iwe ndani ya boksi. Na dhamana isife kwa sababu mtu amesafisha chombo chake. Bunduki husafishwa na mwenyewe, cherehani husafishwa na mwenyewe, kwa nini kisu kisisafishwe?

Kufuli lile lililoniumiza ni la aina iliyobuniwa na Mmarekani Michael Walker mwanzoni mwa miaka ya 1980. Likitengenezwa vizuri linafanya kazi, sikatai. Lakini ili kukunja kisu lazima utie kidole gumba kwenye njia ya bapa, na visu vingi vya aina hiyo vimepangwa kwa mtu wa mkono wa kulia. Dada yangu anatumia wa kushoto. Nilimpa kimoja wakati wa kuvuna mboga akakirudisha jioni ile ile.

Kampuni ya Benchmade ilileta mwaka 1998 kufuli la pini inayokatiza mpini kutoka upande hadi upande. Unaivuta nyuma kwa kidole chochote, cha mkono wowote, na vidole vyote viko mbali na makali. Hataza yake, ile haki ya kampuni moja tu kulitengeneza, imekwisha muda, ndiyo maana sasa kufuli hilo liko hata kwenye visu vya bei nafuu, na mimi nafurahi sana kuona hivyo. Udhaifu wake ni springi mbili nyembamba za waya, moja kila upande. Zikikatika, pini inalegea. Springi ya waya ni kitu cha bei ndogo mno. Tieni mbili za akiba ndani ya boksi, pamoja na washa na skrubu moja moja. Mteja wa Kisumu atawaombea dua.

Na kama mnataka kuona kwamba kisu cha kukunja hakihitaji mambo mengi, tazameni kampuni ya Opinel ya Ufaransa. Wameanza 1890. Mwaka 1955 wakaongeza pete ya chuma unayoizungusha ikazuia bapa lisijifunge, na mwaka 2000 wakairekebisha pete ile ile izuie bapa lisifunguke mfukoni. Miaka 45 kati ya rekebisho moja na jingine, na yote mawili yanahusu usalama wa kidole. Huko ndiko kuboresha. Mpini wake ni wa mti, na mti ukilowa unavimba na bapa linakuwa gumu kutoka, hilo lijulikane kwa mtu wa ziwani. Lakini fundi yeyote anaona kwa macho jinsi pete ile inavyofanya kazi.

Sasa kijana wangu na D2 yake. D2 ina kaboni ya asilimia 1.5 hivi na kromiamu, ile inayokinga kutu, karibu asilimia 12. Ukisikia 12 unadhani haitashika kutu, lakini sehemu kubwa ya kromiamu hiyo imeshikwa na kaboni na haibaki ya kukinga chuma. Inakaa na makali muda mrefu, ni kweli. Mfukoni mwa suruali, kwa joto la Kisumu na jasho, inatoa madoa usipoipangusa, na kuinoa kwenye jiwe la kawaida ni shughuli. Kuna vyuma vya ajabu kwa watu wa maji, kama LC200N, ambamo nitrojeni imechukua nafasi ya sehemu kubwa ya kaboni. Kuna MagnaCut aliyoibuni mtaalamu wa vyuma Larrin Thomas, ikatoka 2021, inayokaa na makali na bado ikaistahimili kutu. Bei yake si ya mfuko wangu. Kwa matumizi yetu mimi ningeomba viwanda vitumie zaidi 14C28N ya Sweden: haishiki kutu kirahisi, inanoleka haraka, na bei inavumilika.

Tena unene! Visu vingi vina mgongo wa milimita 3 au 4, na unene huo unateremka mpaka karibu kabisa na makali. Kisu cha hivyo hakikati embe, kinalipasua. Bapa la Opinel namba 8 lina urefu wa sentimita 8.5 na mgongo wake haufiki milimita 2, na linapita kwenye nyanya iliyoiva bila kuiponda. Nani aliwaambia tunapasua kuni kwa visu vya mfukoni? Pia acheni kijipengo kidogo pale makali yanapoanza karibu na mpini, ili jiwe lifike mwanzo wa makali. Bila hicho, baada ya kunoa mara kwa mara makali yanaingia ndani na kubakisha kisiki nyuma ambacho hakikati kitu.

Klipu ya mfukoni, kile kibanio cha kukishikisha kisu kwenye mfuko, ihamishike kushoto na kulia. Kampuni ya Spyderco ilituletea klipu 1981, na mpaka leo wako wanaoifunga upande mmoja tu.

Kwa hiyo kijana wangu, na wengine wote mlioweka akiba: msinunue kwa macho. Mpini mweusi haukati. Kufyatuka kwa kishindo hakukati. Ukishika kisu mkononi, kifungue, kamata bapa kwa kitambaa ulitikise kushoto na kulia, usikie kama linacheza. Kisha sukuma mgongo wa bapa taratibu kuelekea kulifunga, vidole vikiwa mbali, uone kama kufuli linashika. Geuza utazame skrubu, ujiulize nani mjini kwenu ana bisibisi yake. Kama hakuna, rudisha. Narudia, rudisha. Muuzaji akinuna, pesa ni yako na kidole ni chako. Wala usiingie nacho uwanjani, kwenye mkutano wa siasa au kwenye ndege. Mlinzi akikuta kisu hatasikiliza habari za embe.

Mimi nimechoka kungoja viwanda. Nimekubaliana na fundi mmoja wa jua kali wa Kibuye anitengenezee kimoja. Bapa litatoka kwenye springi ya gari, lipondwe hadi mgongo ufike milimita 2, na najua litashika kutu nisipolipaka mafuta. Mpini ni mwarobaini uliokaushwa. Katikati tunatia bolti ya kawaida ya milimita 4 yenye nati ya kujikaza, ile inayouzwa kila duka la vifaa, na washa mbili za shaba nyeupe alizozikata mwenyewe kwenye bomba kuukuu. Linalotusumbua ni pete ya kufuli: ya kwanza aliyoikunja ilikuwa inalegea, ya pili inabana mno. Ikishindikana kabisa tutakiacha bila kufuli, nami nitakitumia kumenya na kuchuna nyaya tu, na ncha yake nitaifanya butu.