Chroot haikutoi kwenye saraka uliyomo
Mkuu, umeuliza kwa nini programu yako bado inasoma faili za nje baada ya kuita chroot(), wito wa mfumo unaoifungia programu ndani ya saraka (folda) moja, na kama wito huo unatosha. Hapana, chroot() peke yake haifungi mlango. Inabadilisha tu maana ya "/" (mzizi wa saraka zote) kwa mchakato (programu inayoendeshwa) ulioiita na watoto wake. Saraka ambayo mchakato umesimama ndani yake haiguswi, ndiyo maana programu yako bado inaisoma "../../etc/passwd" ya mashine nzima. Weka chdir("/"), yaani hamia kwenye mzizi mpya, mara tu baada ya chroot(). Ukurasa wa mwongozo, man 2 chroot, kwenye Linux unalisema hili waziwazi. Na saraka yoyote uliyoifungua kabla, ifunge, maana fchdir(), inayohamia kwenye saraka iliyokwisha funguliwa, inarudi nayo nje bila kuulizwa.

Ila usijidanganye: ukibaki root (mtumiaji mwenye mamlaka yote) humo ndani, unatoka. Unatengeneza saraka ndogo, unaiita chroot() tena juu yake bila kuhama ulipo, halafu unapanda kwa ".." mpaka mzizi halisi. Kwa hiyo shusha mamlaka: setgroups() (makundi ya ziada), setgid() (kundi kuu), kisha setuid() (mtumiaji), kwa mpangilio huohuo. Ukianza na setuid() unaacha kuwa root, hivyo hizo nyingine zitakataliwa, na wengi hawaangalii hata jibu zinalorudisha.