Mleta uzi, usiagize themostati hiyo: yangu iliniulia kompresa

Mkuu, sitisha agizo hilo kwanza. Umeandika kwamba uko Buswelu, una kiyoyozi cha ukutani chenye kipande cha ndani na kipande cha nje, na binamu yako aliyeko Marekani amekubali kukununulia themostati ya kupangiwa saa (kifaa cha ukutani kinachowasha na kuzima mashine kufuata joto la chumba) kwa sababu umesoma kwamba inapunguza gharama kwa asilimia 10. Ukauliza pia ukubwa wa mashine inayofaa sebule yenye paa la bati, na aina ya mapazia. Nilipofika kwenye neno "binamu" niliweka kikombe cha chai mezani, kwa maana hadithi hiyo ni yangu, isipokuwa mimi nilimtuma shemeji.

Asilimia 10 hiyo si uongo. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kwamba mtu anaweza kuokoa hadi asilimia 10 kwa mwaka katika gharama za kupasha na kupoza nyumba, iwapo ataisogeza themostati takriban nyuzi 4 hadi 6 za Selsiasi kutoka kiwango alichozoea, kwa saa 8 kila siku. Rudia kuisoma sentensi hiyo polepole. Kinachookoa ni zile saa 8. Kifaa kazi yake ni kumkumbukia mtu msahaulifu. Tena nyumba zinazozungumziwa mara nyingi zina mtambo mmoja unaohudumia vyumba vyote, na kifaa cha ukutani huuamrisha kwa nyaya za volti 24. Kiyoyozi chako kina themostati yake tayari: kihisi kidogo kwenye kipande cha ndani hupima hewa ya chumba, kisha bodi yake ya umeme huamua lini kompresa iliyoko nje, yaani pampu inayosukuma gesi ya kupoza, izunguke na lini ipumzike.

Hayo niliyajua baadaye. Wakati ule nilimwamini fundi mmoja aliyeniambia kwa uso mkavu, "Mzee, umeme ni umeme tu." Akatafuta transfoma ya kushusha umeme hadi volti 24, akafunga kontakta (swichi inayoendeshwa kwa umeme) kwenye waya unaopeleka umeme kwa kompresa, na bodi ya kiwandani akaiacha pembeni kama mjumbe ambaye hakualikwa kikaoni. Kifaa chenyewe alikitundika juu ya televisheni, jirani na king'amuzi, ili wageni wakione. Kikawa kinapima joto la king'amuzi. Watoto walikaa kwenye sofa wamevaa masweta, Mwanza hii hii, huku ukutani kifaa kikisisitiza kwamba ni mchana wa jua kali. Sebule ile ingefaa kuhifadhia minofu ya sangara ikisubiri ndege. Kilisoma kwa Farenhaiti, na mama mkwe alipoona 86 aliuliza kwa heshima kama siku hizi tunapima uzito wa wageni.

Kiyoyozi cha BTU 12,000 (kipimo cha nguvu ya kupoza) kisicho na inveta, yaani kidhibiti cha kubadilisha mwendo wa kompresa, hula takriban uniti moja kwa kila saa ambayo kompresa inazunguka, na changu kilizunguka tangu saa nane mchana hadi saa sita usiku bila kupumua. Luku, umeme wa kulipia kabla, nilikuwa naiongeza kama mtu anayemwaga maji kwenye mchanga wa ufukweni.

Hilo bado lilikuwa dogo. Kompresa ikizimwa huhitaji kama dakika 3 za kupumzika ili presha ya gesi ya pande mbili ilingane. Ikilazimishwa kuanza kabla ya hapo, mota inaweza kushindwa kuzunguka huku ikivuta umeme mwingi mno. Bodi ya kiwandani huzihesabu dakika hizo yenyewe. Themostati yangu ilitumia betri zake, kwa hiyo haikuwa na habari kwamba umeme ulikuwa umekatika. Jioni moja ya mvua umeme ukaenda, ukarudi, ukaenda tena, na kila uliporudi kontakta iligonga "ta!", kisha nje kukasikika mgumio kama wa kuli anayenyanyua gunia lililomshinda. Mara ya nne swichi ya kiyoyozi ikajiangusha, na harufu ya waya ulioungua ikaingia kupitia dirishani.

Fundi alikuja, akafungua, akatikisa kichwa, akasema tatizo ni "umeme mbovu". Umeme mbovu! Mtu aliyeng'oa kinga pekee ya mashine kwa bisibisi yake mwenyewe! Kompresa mpya, gesi na ufundi vilikaribia bei ya kiyoyozi kizima, na bado akanidai nauli ya bodaboda kutoka Igoma. Nililipa. Msinicheke, nilikuwa na wageni.

Kwa hiyo ninakwambia neno moja tu: panga saa, usinunue kifaa. Chukua rimoti yako, tafuta kitufe chenye alama ya saa, uipangie mashine iwake pale watu wanapokuwa chumbani na ijizime wanapoondoka. Yangu sasa iko kwenye nyuzi 26 pamoja na feni ya dari inayozunguka taratibu, inawaka saa tisa alasiri watoto wakitoka shule, inajizima saa nne usiku. Asikudanganye mtu kwamba ukiweka 16 chumba kitapoa haraka, kwa sababu mashine isiyo na inveta ina mwendo mmoja tu, au kwamba kuiacha ikipoza viti vitupu kutwa nzima kunakula kidogo kuliko kuizima. Tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku joto la nje mara nyingi hushuka hadi karibu nyuzi 18. Weka nyavu madirishani, fungua, lala.

Mwandikie binamu yako usiku huu kabla hajalipia. Nafasi hiyo kwenye sanduku aijaze viatu vya watoto.