Swali la lugha: Samaki ana kimo, kina au upana?

Msomaji mmoja anaandaa ripoti kuhusu samaki wa mtoni wa jamii ya karpi, ambao hutofautishwa kwa vipimo vya mwili. Ametuletea sentensi yake: "Samaki spishi mbili zilipimwa upana na urefu ili kuzitambulisha." Umbali wa kutoka mgongoni hadi tumboni yeye ameuita upana, mwenzake anasisitiza ni kina. Nani yuko sahihi?

Mimi ningesema kimo. Kina ni cha maji, shimo au kisima: uko juu, unapima kwenda chini. Mto una kina. Samaki aliyemo hana. Upana nao naona ulikotoka. Samaki akishalazwa ubavu kwenye ubao wa kupimia, mgongo uko huku na tumbo kule, basi jicho linaona upana. Lakini mweke kama anavyoogelea: umbali ule ule sasa umesimama wima, na kiumbe hupimwa kimo. Upana tuuachie ubavu hadi ubavu. Wapo wanaouita unene, na sina ugomvi nao.

Neno linalonitia wasiwasi zaidi ni lile ambalo hakuliuliza, urefu. Tunajua unaanzia kwenye ncha ya mdomo, ila unaishia wapi? Tuseme samaki ana milimita 250 hadi shina la mkia, 300 hadi ncha ya mkia, na kimo cha milimita 100. Kwa urefu wa kwanza, kimo chake ni asilimia 40 ya urefu; kwa wa pili ni kama asilimia 33. Samaki ni yule yule! Ukimlinganisha na jedwali la mtu aliyeishia kwenye shina la mkia, ilhali wewe ulifika hadi ncha, utampachika kwenye spishi nyembamba isiyo yake. Kwa hiyo andika "urefu hadi shina la mkia", na ulirudie jina hilo zima kila mara hata likichosha.

Upatanisho ni jambo jepesi. Samaki ni wa ngeli ya A-WA: samaki wawili walipimwa. Spishi ni ya I-ZI: spishi mbili zilipatikana. Na anayewekwa ubaoni ni samaki, si spishi. Kutambulisha ni kumjulisha mtu kwa wengine. Hapa linalotakiwa ni kutambua, au kwa lugha ya ripoti, kubainisha. Sentensi nzima ningeiandika hivi: "Samaki wa spishi mbili walipimwa kimo na urefu hadi shina la mkia ili kubainisha spishi zao."

Ila hata "kubainisha" kusibebeshwe kuliko uwezo wake. Carassius carassius (naye ni samaki wa jamii ya karpi) anayeishi pamoja na samaki walao wenzao hukua akiwa na kimo kikubwa kuliko wa spishi yake wasio na adui, hivyo kipimo hicho peke yake hakitoshi. Ongeza sentensi ya masharubu: Cyprinus carpio, yaani karpi wa kawaida, ana jozi mbili mdomoni, Carassius hana hata moja. Hana, tafadhali, si "haina".