Kabla ya kuilaumu maikroRNA, zitazame seli zako

Miezi minne ya mwanzo maabarani niliimalizia kwenye kitu ambacho hakikuwepo. Nilikuwa nakuza seli za epithelia za figo, yaani zile zinazotanda kama utando juu ya viungo na ndani ya mirija yake. Nusu ya sahani naziwekea dawa, nusu naziacha, kisha napima miR-141, moja ya maikroRNA, yaani vipande vifupi vya RNA vinavyozibana jeni. Kila mara sahani za dawa zilitoa miR-141 kidogo. Nikachora grafu, nikaipaka rangi, nikaanza hata kufikiria kichwa cha makala. Siku moja mwenzangu aliyekuwa akisubiri hadubini akachungulia, akaniuliza: "Mbona sahani zako za dawa zina seli chache hivi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa natazama namba za mashine, seli zenyewe sikuzitazama.

Karibu kila ninachotaka kukuambia wewe unayeanza kinatoka kwenye swali lile.

Misingi utaikuta popote, kwa hiyo naipitia mbio. MaikroRNA ni RNA fupi, herufi 22 hivi, na haibebi maelezo ya protini yoyote. Ndani ya kiini kimeng'enya Drosha huikata kutoka kwenye uzi mrefu, Exportin-5 huitoa nje, Dicer huikata mara ya pili, kisha protini ya Argonaute huipokea. Ikiwa imekaa humo hutafuta RNA ujumbe (nakala za jeni zinazobeba maelezo ya protini) zenye herufi zinazooana nayo, mara nyingi kwenye kipande cha mkiani kinachobaki baada ya maelezo ya protini kwisha. Ikiipata, RNA ujumbe ile huvunjwa mapema au husomwa kwa shida. Ya kwanza ilielezwa mwaka 1993 katika mnyoo mdogo C. elegans, na kwa miaka kadhaa wengi waliiona kama kioja cha mnyoo tu, mpaka mwaka 2000 ilipoonekana kwamba nyingine, let-7, ipo hata kwa binadamu. Victor Ambros na Gary Ruvkun walipata Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2024.

Sasa tuje kwenye epithelia. Hizi ni seli za kushikana: zinasimama bega kwa bega, zina upande wa juu na upande wa chini, na gundi yao kuu ni protini ya E-kadherini. Ukoo wa miR-200 ndio unaolinda hali hiyo, nao una watu watano: miR-200a, miR-200b, miR-200c, miR-141 na miR-429. Kwa binadamu watatu wanakaa kromosomu ya 1, na wawili, miR-200c na miR-141, kromosomu ya 12.

Wanafunzi wengi husoma kwamba miR-200 ikipanda E-kadherini nayo hupanda, wakadhani miR-200 inaiwasha jeni ya E-kadherini. Haiigusi. Inachofanya ni kuzibana ZEB1 na ZEB2, protini ambazo kazi yake mojawapo ni kuizima jeni hiyo. Mzimaji akibanwa, jeni inapumua. Na hapo ndipo mambo yanaponoga, kwa sababu ZEB1 nayo huzizima jeni zinazotengeneza miR-200. Kila mmoja anamkaba mwenzake. Matokeo yake ni seli isiyopenda kukaa katikati: ama miR-200 inatawala na seli inabaki epithelia, ama ZEB inatawala na seli inaachia majirani, inarefuka, inaanza kutembea. Ukizinyeshea seli za MDCK (seli za figo ya mbwa zinazokuzwa maabarani) kichocheo cha TGF-beta kwa siku kadhaa utaliona hilo kwa macho kabla hujapima chochote, na miR-200 itakuwa imeshuka.

Kwa hiyo ukiniambia miR-200 imeshuka, sijui bado umenieleza nini. Huenda dawa yako imeigusa miR-200. Huenda imeigusa ZEB, na miR-200 imefuata. Au seli zako zimekuzwa na kugawanywa mara nyingi mno, zimeshaanza kubadilika sura zenyewe, na dawa haihusiki. Katika mzunguko wa namna hii chanzo na matokeo hubadilishana viti. Njia ninayoiamini ni kupima kwa saa: saa 6, 12, 24, 48, uone nani ametangulia. Inachosha, najua. Picha moja ya saa 48 itakuambia tu kwamba wote wamebadilika.

Kuhusu programu za kutabiri shabaha, yaani RNA ujumbe ambazo maikroRNA inaweza kuzishika: zitumie, ila usiziabudu. Programu hizo huangalia zaidi herufi za 2 mpaka 8 za maikroRNA, zile tunazoziita mbegu. Katika ukoo wa miR-200 mbegu ziko za aina mbili, AAUACUG na AACACUG, tofauti ya herufi moja, na tofauti hiyo inatosha kubadilisha orodha ya shabaha. Niliwahi kumwona mtu akiagiza kizuizi cha miR-200c na kuandika ripoti kana kwamba amezuia ukoo mzima. Orodha utakayopewa itakuwa na mamia ya jeni. Chukua chache, weka mkia wa kila RNA ujumbe nyuma ya jeni ya lusiferasi, kimeng'enya kinachotoa mwanga, uitie kwenye seli pamoja na maikroRNA ya kutengenezwa, kisha rudia ukiwa umeharibu pale mkiani mbegu inaposhika. Mwanga ukishuka katika ule mzima na usishuke katika ule ulioharibiwa, umeonyesha kwamba maikroRNA inaweza kushika pale. Hujaonyesha kwamba seli inaitumia njia hiyo katika maisha yake ya kawaida, maana wewe umeimwaga maikroRNA kwa ndoo. Ukizidisha dozi, ile ya kutengenezwa hujaza Argonaute na kuzisukuma nje maikroRNA za seli yenyewe, na hapo unasoma fujo.

Tena usitegemee maporomoko. Mwaka 2008 makundi mawili yalipima maelfu ya protini kwa pamoja, yakakuta maikroRNA moja kwa kawaida huipunguza protini kwa kiasi cha wastani. Nyingi hazikushuka hata kufika nusu. Ukipata protini iliyotoweka kabisa kwa maikroRNA moja, kwanza shuku kipimo chako. (Msimamizi wangu alikuwa na neno moja kwa matokeo ya namna hiyo: "Rudia.")

Nirudi kwenye seli, maana huko ndiko watu wanakoangukia. Tishu si seli za aina moja. Kwa muda mrefu miR-143 na miR-145 zilihesabiwa kuwa walinzi wa epithelia ya utumbo, kwa kuwa kwenye uvimbe wa saratani ya utumbo mpana hupatikana kidogo kuliko kwenye utumbo mzima. Mwaka 2014 watafiti walionyesha katika panya kwamba seli za epithelia za utumbo hazizitengenezi. Zinatoka kwenye seli za tishu zinazozizunguka. Kipande cha uvimbe kilichojaa epithelia, chenye misuli na tishu shikizi kidogo, lazima kionyeshe upungufu. Kwenye ngozi napo miR-203 hupanda pale seli zinapoondoka tabaka la chini kwenda juu, na huko huibana p63, protini inayozipa seli za chini uwezo wa kuendelea kugawanyika. Saga ngozi yote pamoja, na tofauti hiyo imezama.

Na kuna hesabu ya seli. Mwaka 2011 ilitoka makala katika jarida kubwa ikisema kwamba seli zikiachia mahali zilipojishika, baadhi ya maikroRNA, miR-141 ikiwemo, huharibiwa haraka. Mwaka uliofuata waandishi wenyewe waliiondoa. Waligundua kwamba unapotoa RNA kwa TRIzol, kimiminika cha kuvunjia seli, kutoka kwenye seli chache, maikroRNA zenye herufi chache za G na C na zinazojikunja, kama miR-141, hupotea zaidi kuliko nyingine katika hatua ya kuzifanya zitue chini ya chupa. Seli chache, miR-141 kidogo, hata kama ndani ya kila seli haikubadilika kitu. Nawaheshimu sana watu wale kwa kulisema hadharani.

Niliisoma makala yao ya marekebisho usiku, wiki ileile ya swali la hadubini, na jasho likanitoka. Asubuhi nilianza upya. Nilihesabu seli kabla ya kuzivunja, nikaweka idadi ileile katika kila chupa, nikapiga picha ya kila sahani, na nikaacha kutegemea U6, RNA nyingine ndogo ya seli, peke yake kama kipimo cha kulinganishia, kwa kuwa si maikroRNA na haipotei kwa namna ileile. Nilirudia mara tatu.

miR-141 ilikuwa sawa pande zote mbili. Dawa ilikuwa inaua seli, basi.