Baguette za nyumbani: resipi ya haraka, ya poolish au ya friji?

Mkuu, umeuliza kwa nini baguette zako, ile mikate mirefu ya Kifaransa yenye ganda gumu, zinatoka laini kama boflo, na ushike resipi ipi kati ya hizi zilizojaa mtandaoni. Yenye sukari, maziwa au siagi weka kando. Hiyo ni mikate mingine, mitamu tu. Ufaransa ilitoa amri mwaka 1993 kwamba mkate wa jadi uwe wa unga wa ngano, maji, chumvi na hamira au chachu, na donge lisigandishwe. Ndiyo maana vipimo havipishani sana. Mimi natumia unga gramu 500, maji 350, chumvi 10, hamira 2. Kinachotofautisha ni muda.

Ya haraka, ya saa tatu nne, inataka hamira nyingi zaidi. Ikitoka motoni inavutia, lakini inanuka hamira na jioni imeshakuwa ngumu kama rungu.

Poolish ni unga na maji uzito sawa, na hamira chembe tu, unaacha usiku kucha. Harufu yake sina neno. Shida ni kwamba waandishi wake wanapikia kwenye chumba chenye joto la nyuzi 20. Dar mwezi wa pili, asubuhi unakuta imepanda ikashuka, chachu tupu, donge linanata mikononi. Mimi naifanya Juni na Julai.

Ninayoing'ang'ania ni ya friji. Changanya na maji baridi, usikande. Likunje donge kila nusu saa mara tatu nne, funika, weka friji mpaka kesho. Hamira inasinzia, ila wanga unaendelea kuvunjika kuwa sukari, na hiyo ndiyo inayokupa ganda la kahawia lililokolea.

Sasa ulaini wa baguette zako, nadhani ni kukosa mvuke mwanzoni mwa kuoka. Oveni nyuzi 240, trei tupu ya chuma chini ipate moto haswa. Ukishalitengeneza donge kuwa mikate mirefu, ichane kwa wembe mpya, ukiulaza, mistari ifuate urefu. Ingiza, mimina kikombe cha maji yanayochemka kwenye trei, funga upesi. (Kioo cha mlango kifunike kwa kitambaa wakati wa kumimina, kinapasuka hicho.) Baada ya dakika kumi toa trei, mvuke utoke, ganda likauke. Jumla dakika 22 hadi 25.

Unga chukua ulioandikwa wa mikate. Ukikosa, tumia wa kawaida na ushushe maji hadi gramu 325.