Maswali ya Wasomaji: Mbwa wa Nyumbani na Kichanga

SWALI: Mke wangu ana ujauzito wa miezi sita. Mbwa wetu, jike wa miaka minne, hulala chumbani kwetu na humrukia kila anayeingia, ingawa hajawahi kung'ata mtu. Tuanze lini kumwandaa, na tuanzie wapi?
Baba Kijacho

JIBU: Anzeni wiki hii. Miezi mitatu inatosha, lakini haina ziada. Na mjue mnatafuta nini: watu wengi wanataka mbwa ampende mtoto, nasi tungeridhika zaidi na mbwa asiyemjali, anayemwona kama samani nyingine ya nyumba na kuendelea na usingizi wake. Mbwa anayesisimka sana kwa furaha naye huangusha na kukwaruza.

Chochote kitakachobadilika mtoto akija, kibadilisheni sasa. Kama hatalala tena chumbani, sogezeni kitanda chake mita moja kila baada ya siku mbili tatu hadi kifike mnapotaka kikae. Mkimtoa usiku uleule mtoto anapoingia, atapoteza mahali pake na watu wake kwa siku moja, na harufu ngeni ndani ya nyumba itakuwa imefika pamoja na hasara hiyo.

Kuhusu kuruka, mgeuzieni mgongo bila neno, mkamsalimie pale tu miguu yote minne inapokuwa sakafuni. Nyumba nzima ifuate hivyo. Akitokea mmoja anayemkumbatia akiwa hewani, hata mara moja kwa wiki, ataendelea kuruka akiibahatisha siku hiyo.

Zoezi la thamani kuliko yote ni la kwenda kwenye zulia lake, kwa sababu mama anayenyonyesha hana mkono wa kumshika mbwa. Ana sauti tu. Tupieni kipande kidogo cha chakula juu ya zulia. Akilikanyaga, kingine, akilala, kingine. Fanyeni kwa dakika tatu hadi tano, mara mbili au tatu kwa siku. Ongezeni kwanza muda, kisha umbali wenu, mwishowe usumbufu kama mlango kubishwa au mama kutembea amepakata mdoli. Mkiviongeza vyote kwa pamoja atashindwa, nanyi mtasema ni mkaidi. Lengo ni dakika 20 za kutulia.

Msikilizisheni pia sauti zilizorekodiwa za mtoto akilia, zikiwa chini kiasi kwamba anageuza sikio tu. Sauti itangulie, chakula kifuate baada ya sekunde moja, na sauti ikikoma chakula nacho kikome. Mkianza na chakula, atajifunza kwamba chakula ndicho kinacholeta kelele, akaanza kukishuku. Akiacha kula au akianza kuhemahema, sauti imezidi, ishusheni.

Mpelekeni kwa daktari wa mifugo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, dawa ya minyoo, kupe na viroboto, na mwombeni daktari apapase masikio, meno na nyonga. Mbwa mwenye maumivu yaliyojificha huwahi kung'ata. Kinyesi kiokotwe kila siku: mayai ya minyoo ya mviringo huhitaji kukaa nje wiki kadhaa ndipo yaweze kuambukiza, kwa hiyo kinyesi kibichi kilichoondolewa mapema huondoka na hatari hiyo.

SWALI: Natoka hospitali kesho na mtoto wa siku tatu. Dada yangu anasema nitangulize nguo ya mtoto mbwa ainuse. Inasaidia? Na tukifika mlangoni tufanyeje?
Mama wa Siku Tatu

JIBU: Nguo haina ubaya, ila dada asiitegemee sana. Pua ya mbwa humaliza habari ile kwa nusu dakika. Aishike mkononi, mbwa anuse, apewe kipande cha chakula, nguo iondolewe. Asiachiwe kulala nayo wala kuitafuna. Hatutaki vitu vya mtoto viwe vyake vya kuchezea.

Mtu mmoja amtembeze mbwa kwa dakika 30 au 45 kabla hamjafika. Kisha uingie wewe kwanza, mikono mitupu, mtoto akibaki nje na mwenzako. Mbwa hajakuona kwa siku kadhaa na lazima atakurukia, tena hapo ulipo una mshono au maumivu. Mpe dakika kumi za salamu mpaka atulie.

Mtoto aingie mbwa akiwa amefungwa kamba ya mita mbili hivi, mshikaji akiwa mtu mwingine kabisa. Kamba ilegee. Ikikazwa, shingo huvutwa, mwili hukakamaa, na mbwa huona kwamba kuna jambo la kuogopa. Kaa kitini na mtoto. Mbwa akiwa mtulivu umbali wa mita tatu, asogezwe taratibu anuse miguu iliyofunikwa, hesabu sekunde tatu, aitwe kwa sauti ya kawaida, apewe chakula, aondoke. Basi. Mkitaka kurudia, rudieni baada ya saa moja. Mbwa asiyetaka kusogea asivutwe, na kama yeyote kati yenu ana wasiwasi, acheni mpaka kesho.

Kosa la kawaida ni kumwinua mtoto juu mbwa anapokaribia. Kinachoinuliwa haraka humwalika mbwa kuruka. Mgeuzie bega, kisha mtume kwenye zulia. Na jamaa wanaotaka kuja kumwona mtoto wasubiri mpaka saa hiyo ipite.

SWALI: Mbwa wa mwanangu hukaa mbele ya kitanda cha mjukuu wangu akimkodolea macho. Mtoto akilia, mbwa hutetemeka na kulialia, na ukimwita hageuki. Vijana wananiambia anamlinda. Mimi sina amani.
Bibi

JIBU: Shikamoo, bibi. Usiwaachie vijana wakutulize kwa hilo. Mbwa mwenye urafiki huwa na mwili uliolegea, mdomo wazi kidogo, macho yanayopepesa, na akiitwa hugeuka. Huyu unayemweleza amekakamaa, macho hayabanduki, hasikii jina lake. Hiyo inaweza kuwa silika ya kuwinda. Kichanga hanuki, halii wala hatembei kama watu anaowajua. Sauti yake ni nyembamba na mikono yake hurukaruka, mambo yaleyale yanayomvuta mbwa akiona mnyama mdogo.

Kuanzia leo kuwe na mlango uliofungwa kati yao. Kigeti peke yake hakitoshi kwa mbwa anayeweza kukiruka. Bembea ya mtoto inayojiendesha isiwashwe mbwa akiwa chumbani, kwa kuwa mwendo wake humchochea zaidi. Msimpige, na msijaribu kumzoesha wenyewe kwa kumsogeza karibu. Daktari wa mifugo amwone na awaelekeze kwa mtaalamu wa tabia za mbwa. Wakati mwingine ushauri utakaotolewa ni mbwa kuhamia nyumba isiyo na mtoto, na mwanao awe tayari kuusikia.

Wasichanganye hali hiyo na woga. Mbwa mwenye woga hupiga miayo bila usingizi, hulamba pua yake, hugeuza kichwa, huonyesha weupe wa pembeni mwa jicho, halafu hunguruma. Huyo anaomba nafasi. Apewe njia ya kuondoka. Anayepigwa kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, na siku atakayong'ata watu watasema hakuonya.

SWALI: Mbwa akimlamba mtoto kuna shida? Na tukiwa tumelala sote chumba kimoja?
Baba wa Wiki Mbili

JIBU: Uso, mikono na kitovu, hapana. Mate ya mbwa yana bakteria ambao kinga ya kichanga haijawa tayari kupambana nao, na kitovu ambacho hakijapona ni kidonda. Usiku mbwa alale nje ya chumba, kwani mzazi aliyelala hasimamii kitu. Hata mchana, usimamizi ni mtu mzima aliye macho na anayeweza kunyosha mkono akawafikia. Ukienda jikoni kuchukua maji, nenda na mmoja wao. Watoto wadogo wanaong'atwa, wengi wao hung'atwa na mbwa wanaowafahamu.

Akimng'ata au kumkwaruza ngozi, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na mbwa amechanjwa.

SWALI: Tangu mtoto azaliwe miezi mitano iliyopita, mbwa anakojoa ndani na kuiba nepi. Ana wivu? Tunacheza naye kila mtoto akilala.
Mama wa Watatu

JIBU: Kwanza apimwe mkojo, maambukizi ya kibofu ni jambo la kawaida. Akiwa mzima, angalieni ratiba: anatolewa nje kwa saa zilezile za zamani? Nepi ni suala la kununua ndoo yenye kifuniko.

Lakini kucheza naye mtoto akilala kumempa hesabu mbaya. Mtoto akiamka raha inakwisha. Igeuzeni: mtoto akiwa macho mikononi mwa mmoja, mwingine amlishe mbwa, amchane manyoya, wote mwende matembezi. Mtoto akilala, mbwa naye apumzike bila shughuli.

Na fanyeni haraka, kwa sababu kati ya miezi 6 na 10 mtoto ataanza kutambaa. Mbwa aliyemvumilia alipokuwa amelala mahali pamoja sasa atafuatwa kitandani kwake, kwenye bakuli, hadi pembeni asikokuwa na pa kutokea. Wekeni kigeti sasa, mbwa ale nyuma yake, na kitanda chake kikae mahali ambapo mtoto hafiki kamwe.